Mafuta ya Nazi Ndani ya Mtutu

Nilimimina mafuta ya nazi ndani ya mtutu wa bunduki ya tajiri wangu, nikaufuta mdomo wake kwa kitambaa, nikairudisha ukutani, kisha nikaenda jikoni kuchambua mchele huku nikijisifu. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa siku ya kufuta vumbi majlisi, ukumbi wa wageni, nikaiona bunduki imepauka kama magoti ya mtoto aliyetoka kucheza mchangani, roho ikaniuma. Kwetu Tanga kitu kikipauka kinapakwa mafuta ya nazi: nywele, visigino, bawaba za mlango, cherehani ya mama. Sikuona kwa nini bunduki itengwe.

Mimi ni mpishi katika nyumba moja Al Garhoud, huku Uarabuni, mahali ambapo ndege ikipita juu vikombe vinagongana kabatini. Nimesoma hadi kidato cha nne na nilifaulu kwa kiasi cha kunitosha kusoma pakiti za viungo. Ni mtu wa ndani. Wenzangu wakipata mapumziko wanakwenda kuzurura sokoni Al Ras wakanyagane na wabeba mizigo, warudi wamechoka, waseme wamestarehe. Mimi nafunga mlango wa chumba changu cha uani, nachemsha chai, nasikiliza matangazo ya vifo ya redio ya nyumbani kwenye simu. Jirani yangu, mama mmoja wa Kenya anayefanya kazi za ndani kwenye jumba la pili, hupanda juu ya ndoo iliyofudikizwa akachungulia juu ya ukuta kuhakikisha bado niko hai.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kiarabu ambaye mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na hukitumia zaidi kunisema. Nilipofika mara ya kwanza nilimwita Sir. Akanitazama kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.

"Sir yuko hotelini, yakhe. Mie niite Ami."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yake. Ni ya kijeshi, ya Kiingereza, ya zile za kuvuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga. Majeshi yalipopata mpya, za zamani ziliuzwa kama nguo za mitumba, na baba huyo akanunua moja. Ami anacho kibali chake, na komeo amelitoa amelifungia kwenye kasha, kwa hiyo pale ukutani linaning'inia bomba tupu, wazi huku na huku. Ndiyo maana mpumbavu mwenye chupa ya mafuta aliweza kufanya alichofanya.

Sasa kuna desturi ya nyumba yao ambayo ni lazima niieleze. Ami na kaka yake walirithi vitu vya baba yao kwa mpango mmoja: kitu kinachofanya kazi kinakaa kwa anayekitumia, na kikiacha kufanya kazi kinakwenda kwa mkubwa, Fujairah, kutundikwa kwenye majlisi ya ukoo. Huko tayari kuna dele la kahawa lililotoboka, tandiko la ngamia asiyekuwepo, na saa iliyosimama. Kwa Ami ilibaki bunduki peke yake. Naye hakuwa ameipiga kwa miaka kwa sababu ya bega.

Kaka mtu alikuja mwanzoni mwa baridi. Kabla hata hajakaa akaenda ukutani, akaishusha, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja akachungulia.

"Mdogo wangu."

"Naam."

"Hii imekufa."

"Haijafa."

"Tazama mwenyewe. Koo la mvuta tumbaku hili."

Ami akachungulia. Mimi nilikuwa nimesimama na dele na vikombe, nikaona uso wake unabadilika.

"Giza," alisema kwa sauti ndogo.

"Na giza lenyewe halina mfereji hata mmoja! Risasi itatoka humo inayumba kama mlevi. Nipe nikaitundike na vitu vya Baba."

"Si tuna mkutano wa shabaha wa ukoo? Nitakuja nayo. Ikikataa mbele ya watu, ondoka nayo papo hapo."

"Na ikikulipukia usoni?"

"Utaondoka nayo pamoja na uso wangu, uvitundike vyote."

Kaka mtu akacheka mpaka tende ikampalia. Ami hakucheka.

Nilitoka na habari hiyo moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa uani. Jirani alikuwa anaanika mashuka. Nikamsimulia, na kwa ujinga wangu nikaongeza kwamba walau mimi nimesaidia, juzi tu nimeipaka mafuta ndani.

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

"Na hiyo majlisi yenu AC mnaweka baridi aje?"

"Unaweza kuhifadhi samaki."

Aliacha shuka likining'inia kwenye kibanio kimoja.

"Haki wewe mtu wa Tanga! Mimi mafuta yangu ya nywele nikiiacha karibu na AC, asubuhi naipata imekuwa mshumaa. Nachota na kijiko. Sasa umemwagia bunduki ya watu mshumaa, halafu unashangaa haina mwanga?"

Mjue kwamba kwetu mafuta ya nazi huganda labda asubuhi moja mbili za kipupwe, na jua likitoka tu yanarudi akili. Sikuwahi kuyawazia kama kitu kinachoweza kuziba bomba. Nilikwenda jikoni, nikaitazama chupa. Mafuta yalikuwa maji, yananing'alia bila haya, kwa sababu jikoni ni joto. Nikaibeba chupa hadi majlisi, nikaikalisha chini ya kiyoyozi, nikasubiri kama muuguzi. Yalianza kuwa meupe kutoka chini.

Ami alikuwa bado amekaa na bunduki mapajani.

"Ami, nina neno."

"Kama ni chakula, sina njaa."

"Lile giza la mtutu. Nadhani nimelitia mimi." Nikamwonyesha chupa.

Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaitazama tena chupa.

"Nazi?"

"Nazi, Ami."

"Ya kupikia au ya kujipaka?"

"Ya kujipaka. Ile ya kupikia niliona nitaiharibu."

Alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Akasema mama yake angenipenda, na kwamba ni vizuri mama yake hayupo. Tukaitoa bunduki uani, tukaiegemeza juani mdomo ukiwa chini juu ya bakuli, na mafuta yakaanza kudondoka tone kwa tone. Nilikaa karibu yake nimepakata kitambaa, nafsi imetulia. Nilijua kesi imekwisha. Mafuta yatatoka, mtutu utang'aa, kaka mtu ataomba radhi, na mimi nitapika biriani.

Nilipotaka kuingiza kijiti cha kusafishia kupitia mdomoni, Ami alinipiga kofi la mkono.

"Si huko! Mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoagana na mtutu. Ukipakwangua hapo pakawa na jino, risasi inatoka inasukumwa upande mmoja. Bunduki ngapi zimeuawa na kusafishwa! Ingia kwa nyuma."

Akachukua uzi mzito wenye risasi bandia ya shaba mwisho wake na kitambaa nyuma, akaudondosha kutoka upande wa komeo, akauvuta ukatokea mbele. Kitambaa cha kwanza kilitoka na harufu ya saluni. Cha pili kahawia. Cha tatu na cha nne kahawia. Hatimaye kikatoka karibu cheupe, akaielekeza bunduki kwenye ukuta uliopakwa chokaa, wenye jua, akaniambia nichungulie.

Nilichungulia. Giza.

"Unaona nini?"

"Giza, Ami."

"Giza la namna gani?"

Sikuwa najua kwamba giza lina namna. Akanishika kichwa kama kinyozi, akanisogeza kidogo kushoto, kidogo juu. "Usitazame tundu. Tazama ukuta wa ndani. Ruhusu mwanga uteleze."

Na kweli, taratibu nikaanza kuona. Kulikuwa na mistari inajisokota kwenda mbele kama kamba inayosokotwa. Hiyo ndiyo mifereji, alisema, inayoishika risasi na kuizungusha ili isiyumbe. Lakini haikung'aa. Ilikuwa ya kijivu, na katikati yake kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui utotoni. Nikaelewa kwamba sehemu ya lile giza ilikuwa yangu, na sehemu nyingine ilikuwa ya bunduki yenyewe, na ile yangu ndiyo tu tuliyoitoa.

"Baruti ya zamani ilikuwa na chumvi," alisema Ami. "Inakula chuma. Na chumvi mafuta hayaitoi, inatolewa na maji moto. Baba akimaliza kupiga alikuwa anaimiminia birika la chai. Lete birika."

Hapo ndipo nilipofaa. Kuchemsha maji najua. Tulimimina, mvuke ukatoka mbele, mtutu ukawa wa moto hadi ukajikausha wenyewe, kisha akapitisha kitambaa chenye mafuta ya mashine. Akaniangalia nilipoichukua chupa ya mafuta hayo kunusa. "Hayatoki kwenye mnazi," alisema.

Kuanzia siku hiyo mambo ya jikoni yakawa yanasubiri. Kila nikimaliza kuosha vyombo naitwa uani. Alinifundisha kupitisha macho ndani ya mtutu kutafuta kivuli cha pete, maana pete nyeusi humo ndani ni mahali chuma kilipovimba, risasi moja ilipokwama na nyingine ikaja kuigonga kwa nyuma. Hatukuiona. Alichukua risasi isiyo na baruti, akaichomeka ncha yake mdomoni mwa mtutu kuona itazama kiasi gani. Mtutu uliolika huimeza mpaka ganda la shaba liguse chuma. Wetu uliimeza sehemu kubwa, kisha ukagoma, ukabakiza kipande cha risasi chenye upana wa ukucha wangu wa kidole kidogo.

"Ni vizuri hiyo?" niliuliza.

"Si vizuri wala si vibaya. Baba aliitumia sana."

"Basi itapiga?"

"Sijui."

Sikupenda alivyolisema hilo neno. Nilizoea Ami anayejua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, bunduki mapajani, akaniambia kwamba ameona mitutu inayong'aa kama kioo ikitapanya risasi kama kuku waliotishwa, na ameona mitutu michafu kuliko huu inayotoboa tundu juu ya tundu. Jicho linafika mahali linakoma. Kisha akasema jambo ambalo sikuliuliza. Vitu vyote vya baba yao kaka yake alivichukua ukutani au kabatini, baada ya mazishi. Hii bunduki peke yake ndiyo iliyotoka mkononi mwa mzee ikaingia mkononi mwake, mzee akiwa hai, anamkaripia kuhusu kushusha pumzi.

Usiku ule nilimpikia samaki wa kupaka, akala kidogo, akasukuma sahani. Nikajua sasa ni mambo mazito.

Asubuhi ya mkutano nilijificha jikoni kwa kisingizio cha maandazi. Hakikufaa.

"Wanangu wako kazini. Utakwenda weye."

"Ami, mimi hapa jikoni..."

"Jiko lina miguu? Litakimbia? Yalla, beba dele."

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji, jangwani, na sina mengi ya kuusifu. Upepo ulikuwa baridi na ulijua kusaka mchanga na kuutia kwenye sambusa. Ndugu, binamu na wakwe walikuwa wamejaa, kila mmoja na bunduki ya zamani kuliko yeye. Fundi wa uwanja, Mpakistani mwenye miwani, alilitazama komeo la Ami, akalifunga na kulifungua, akaingiza kipimo chake cha chuma, akasema kupiga ni salama. Kama itapata au haitapata, alisema, hiyo haimo kwenye kazi yake.

Kwa ajili ya bega, Ami alipiga akiwa amekaa mezani, mtutu umelazwa juu ya kifuko cha mchanga. Mimi nilivalishwa vile vizibo vikubwa vya masikio, nikaonekana kama rubani aliyefukuzwa kazi.

Mlio wa kwanza nilihisi kwenye meno. Kaka mtu alikuwa na darubini.

"Mdogo wangu, ulikuwa unalenga Omani?"

"Ya kwanza haihesabiwi. Mtutu umetoka kusafishwa, una mafuta. Ya kwanza inafagia njia."

"Mafuta yapi? Nasikia ya kujipaka." Alinikonyeza. Habari yangu ilikuwa imefika Fujairah, mimi mwenyewe sijafika.

Ami akavuta komeo, akashusha pumzi, akapiga. Kisha tena. Alipiga polepole, akiuacha mtutu upoe katikati, na mimi nilikuwa naangalia shavu lake tu kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Alipomaliza, kaka mtu aliweka macho kwenye darubini, akaifuta kioo, akayaweka tena.

Taa ya ruhusa ilipowaka tulikwenda mbele kutazama, mimi na sinia langu la tende kwa sababu hakuna aliyeniambia niliweke. Katikati ya karatasi palikuwa safi kabisa, hapajaguswa. Matundu yote yalikuwa chini, kushoto.

"Yamekosa yote, Ami," nilimnong'oneza.

"Nyamaza, yakhe."

Kaka mtu aliinama, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu moja, kisha la pili.

"Duara," alisema.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mtutu uliokufa hauwezi kuizungusha risasi, kwa hiyo risasi inafika kiubavu na kutoboa tundu refu kama la ufunguo. Haya yalikuwa ya duara safi. Kisha akachukua kisahani cha tende kwenye sinia langu, akanimiminia tende zote kiganjani, akakibandika kisahani juu ya karatasi. Ukitoa lile tundu la kwanza la kufagia njia, mengine yote yalifunikwa, na pande zote palibaki nafasi.

"Yamekaa pamoja," alisema Ami. Akajifanya anakohoa. "Mtutu umefanya kazi yake. Mahali pa kukaa nitayaonyesha mie."

Fundi alikuja na kifaa kidogo akasogeza ile nundu ya kulengea iliyo juu ya mdomo wa mtutu. Akaisogeza kushoto, na mimi nikaona amekosea, maana matundu tayari yako kushoto. Kumbe ya mbele huwa inafuata kosa. Ya nyuma wakaipandisha kidogo. Safari hii Ami alimwachia kaka yake.

"Piga weye. Wasije wakasema inanitii mie peke yangu."

Kaka mtu alikaa, akaikumbatia. Alipiga mara tatu, na nilipoletewa ile karatasi niishike isipeperuke, matundu matatu yalikuwa yamegusana karibu na kitovu cha shabaha. Watu wakapiga makofi. Yeye hakuinuka. Alikaa anakipapasa kitako cha mbao, pale penye mkwaruzo, na mimi nikawaza: sasa ataitaka zaidi.

"Baba alikuwa ananipiga kisigino kwa kushika pumzi," alisema.

"Mie alinipiga kichwa."

"Wewe ulistahili." Akainuka, akaishika kwa mikono miwili, akampa mdogo wake. "Ukutani kwangu haina kazi. Lakini usiipige mara moja kwa mwaka. Kila mwezi unakuja, bega lako lilie lisilie."

"Inshallah."

"Si inshallah ya kukwepa. Inshallah ya kuja."

Ami alikuwa amefurahi kiasi kwamba alitafuta mtu wa kumfanyia wema, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akanivuta akanikalisha mezani. Nilimwambia kazi yangu ni mapishi. Akasema hata mimi nimechangia, na ndugu wote wakacheka, na kaka mtu akasema mpishi apewe risasi tatu. Fundi akasimama nyuma yangu, akanipangia viwiko, akanionyesha mahali pa kushika. Nikalenga. Shabaha ilikuwa inacheza kama inzi juu ya embe. Nikafumba macho yote mawili, jambo ambalo naambiwa halishauriwi, nikavuta.

Bunduki ile ina adabu kwa wenyewe. Kwangu ilirusha teke. Ya pili nilifumbua jicho moja, lakini la upande usio wake. Ya tatu nilishika pumzi mpaka nikaona nyota, nikafyatua, na mbali sana kule kwenye kilima cha mchanga, juu ya kila kitu na kushoto kwa kila kitu, vumbi dogo likainuka. Karatasi yangu waliniletea kama ilivyotoka dukani. Kaka mtu aliikunja vizuri akaniambia niiweke, naweza kuandikia barua.

Tulirudi mji ukiwa umewaka taa. Ami njia nzima aliimba kitu cha zamani cha mama yake, ameiegemeza bunduki ndani ya mfuko wake kiti cha nyuma, na kila tukipita tuta anageuka kuangalia kama iko salama.

Kesho yake bega langu lilikuwa rangi ya biringanya. Nilikwenda ukutani nikiwa nimeshika mkono kama mtu aliyetoka vitani, na jirani akapanda kwenye ndoo yake na bakuli la mboga mkononi. Nikamsimulia yote, kisahani cha tende, kaka mtu, ile inshallah. Halafu nikafika kwenye sehemu yangu. Nikaanza kumweleza kitaalamu. Kwamba wakati wangu mtutu ulikuwa umeshapata moto kwa kupigwa sana. Kwamba vile vishimo vya ndani, mtu asivichukulie hivi hivi. Kwamba ile nundu ya mbele, mimi tangu mwanzo niliona imesogezwa upande usio wake. Kwamba upepo nao.

Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua sukuma wiki, kisha akasema:

"Wacha kusumbua bunduki ya watu. Wazee wawili wameipima, iko sawa. Mbovu ni wewe."